Waliopanda Uluguru Kutafuta Heri

Hakuna aliyepanda Uluguru kwa kubahatisha. Upande wa mashariki wa milima hiyo, kutoka Kinole hadi Matombo, yapo mashamba yaliyolala kama paa la nyumba. Mwanamke anayelima huko husimama uso ukiuelekea mlima, jembe likigonga udongo karibu na magoti yake, na udongo unaobanduka humpita miguuni ukienda zake chini. Mvua kubwa ikiwahi kunyesha kabla mbegu hazijashika, msimu umekwenda na maji. Wakati huohuo bondeni kuna ardhi pana, tambarare, inayonyweshwa na Ngerengere, Mgeta na Ruvu. Kwa nini basi watu waliiacha tambarare wakaenda kung'ang'ania miteremko?

Koo za Waluguru zina masimulizi mengi juu ya walikotoka, na kila ukoo una njia yake. Wapo wanaosema wazee wao walitoka nyanda za juu za kusini, wapo wanaotaja Ukutu, wapo wanaotaja nchi za upande wa magharibi. Wanapokutana ni kwenye sababu: njaa, vita na watekaji. Walipanda kwa makundi madogo, familia na majirani, si kama jeshi wala kama taifa moja. Walipofika juu walikuta mvua isiyokosa, chemchemi kila bonde, na mahali ambapo adui huonekana kabla hajafika.

Usalama peke yake, hata hivyo, hautoshi kueleza kilichofuata, maana hatari zilipopungua wengi hawakushuka. Huko juu walikuwa wameshajenga namna ya kuishi wanayoipenda. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na ukoo ulihesabiwa kwa mama. Mtoto alikuwa wa upande wa mama yake, na haki yake ya shamba ilipitia kwa mama na wajomba. Kila tawi la ukoo lilikuwa na mkuu wake, mndewa, ambaye kazi yake ilikuwa kugawa ardhi, kuamua magomvi na kutunza kumbukumbu ya waliotangulia. Mgeni aliyeomba mahali pa kulima hakufukuzwa. Alipewa, naye akatoa ngoto, kitu kidogo cha kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Mfalme wa Waluguru wote hakuwapo. Kinole alikuwapo Kingalu, ambaye jina lake lilivuka mabonde kwa sababu ya mvua, na watu walimpelekea zawadi mawingu yalipochelewa. Lakini heshima ya mvua haikumpa Kingalu mamlaka ya kumpangia kila mtu milimani shamba lake.

Aristotle, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifundisha kwamba kila tendo la binadamu hulenga jambo fulani jema, na kwamba ukizifuata sababu zote hadi mwisho utakuta watu wanataka kitu kimoja: kuishi maisha ya heri. Al-Ghazali, mwanachuoni wa Tus aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwa Kiajemi kitabu kizima juu ya kimia ya saada, yaani namna roho inavyoweza kugeuzwa ikafikia furaha ya kweli. Nawaheshimu wote wawili, na sidhani walikosea. Historia ya Morogoro, hata hivyo, inaongeza jambo ambalo nalitilia mkazo mkubwa. Watu wa huku wametafuta heri kwa njia zilizopishana sana, kwa jembe, kwa bunduki, kwa ngoma na kwa gitaa, na mara zote waliyoipigania kwa nguvu ni ile waliyoichagua wenyewe. Waliyochaguliwa na mtu mwingine, hata iliponadiwa kwa maneno mazuri, waliikataa.

Mji wenyewe wa Morogoro una asili ya watu waliotoroka. Katika karne ya 19, wakati Zanzibar ikiwa soko kubwa la watumwa na misafara ya pembe za ndovu ikipita bonde la Ngerengere kwenda bara, alitokea mtu aitwaye Kisabengo. Alikuwa Mzigua, hakuzaliwa katika ukoo wa watawala, lakini alikuwa na nguvu za mwili na ulimi wa kuwavuta watu. Waliomzunguka walikuwa watumwa waliotoroka mabwana zao. Akiwa anatafutwa na Sultani wa Zanzibar, aliondoka nao akaingia Ukami, nchi ya Wakami, akapigana, akateka ardhi chini ya milima, akajenga ngome kando ya mto.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871 akimtafuta mmisionari Livingstone, na alichokiona kilimshangaza. Mji ulizungushiwa ukuta, pembeni kuna minara ya mawe, ukuta una matundu ya kupitishia mitutu ya bunduki, na malango yamefungwa kwa milango mizito ya mbao iliyochongwa nakshi kama ya pwani. Alikisia wakazi 3,000 hadi 5,000. Kisabengo alikuwa amekwisha kufa. Uzeeni alilichukua jina la mji wake, Simbamwene, likawa jina lake pia, na alipokuwa anakufa akamrithisha binti yake mkubwa utawala na jina hilohilo. Kwa hiyo Stanley alipofika alimkuta mwanamke ndiye mwenye amri, na watu wake wakaja kambini kudai hongo kama ilivyokuwa desturi ya njia ya misafara.

Nafikiri mara nyingi juu ya watu wale wa ndani ya ukuta. Fikiria mtu aliyeuzwa akiwa mtoto, akavushwa bahari, akalimishwa mikarafuu, kisha usiku mmoja akapata mwanya. Amefika Morogoro. Ana nyumba, ana mke, ana bunduki, na lango la usiku linafungwa na watu anaowajua. Kwake hiyo ndiyo heri kamili, na nani angethubutu kumwambia haikuwa haki yake? Lakini Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita nchi hiyo mwaka 1857, aliandika juu ya Kisabengo kama mnyang'anyi na mtekaji wa watu. Waliokimbia pingu waliwafunga wengine pingu. Ukuta uliowapa wao usingizi uliwanyima usingizi Wakami na Waluguru wa vijiji vya karibu, na bila shaka ulizidisha sababu za kubaki juu milimani. Hapa simulizi hii inauma, na haifai kupita juu juu. Kutafuta furaha hakumfanyi mtu kuwa mwema. Kisabengo alikuwa shujaa wa waliotoroka na balaa la majirani zao, na mji tunaoupenda umesimama juu ya mambo yote mawili.

Mwaka 1872 mafuriko makubwa yaliupiga mji. Stanley akirudi kutoka Ujiji alikuta sehemu ya ukuta ule aliousifu imebebwa na maji. Mji haukufa, ila ngome haikurudi kuwa vile ilivyokuwa.

Muongo mmoja baadaye wakaja watu waliokuwa na habari ya heri ya aina nyingine. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wamekaa Bagamoyo tangu 1868, walifungua misheni Morogoro mwaka 1882, na baadaye Matombo. Wao waliahidi furaha ya mbinguni, pamoja na shule na dawa. Waluguru wengi walibatizwa, na hadi leo Ukatoliki ni mkubwa milimani, kama Uislamu ulivyo mkubwa katika vijiji vingi vya chini na mjini. Jambo ambalo mapadre hawakufanikiwa kulifuta ni ngoma. Binti aliyevunja ungo aliendelea kuwekwa ndani kuwa mwali, akafundwa na bibi na shangazi, na siku ya kutolewa kijiji kizima kilicheza. Mimbarini ngoma zile zililaumiwa. Jumapili watu walisali, na msimu wa mavuno ulipofika walimcheza mwali wao. Hawakuona kwamba walikuwa wanabishana na Mungu. Walikuwa wanamlea binti yao namna walivyolelewa, na furaha ya siku ile hawakuwa tayari kuikabidhi kwa mtu yeyote.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, wakati wa Wajerumani. Agosti 1916 majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Smuts yaliingia mjini huku wapiganaji wa von Lettow-Vorbeck wakirudi nyuma kuzunguka milima kuelekea Kisaki, na utawala ukabadilika. Kilichobaki kutoka enzi zote mbili ni mkonge. Mashamba ya Tungi, Pangawe na mengine yalihitaji mikono, na mikono ikaletwa kwa reli na kwa miguu kutoka kila upande wa nchi. Hao ndio manamba, watu waliokata majani yenye miiba kwa kuhesabiwa mafungu, wakalala kambini, wakangoja mwisho wa mwezi.

Mji uliojaa watu wasio wa kabila moja, waliotoka mbali na kwao, wenye fedha kidogo siku chache za mwezi, ulihitaji mahali pa kukutania. Ngoma za ukoo zisingefaa, kwa sababu ukoo ulikuwa mbali. Dansi likajaza nafasi hiyo. Karani wa reli, fundi cherehani, kuli wa stesheni na muuza ndizi kutoka mlimani wangeweza kusimama sakafu moja wakacheza hatua moja. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko wanahistoria wengi wanavyolipa nafasi. Waliokuwa wakiitwa kwa namba shambani walikuwa na majina yao ukumbini.

Katika mji huo alizaliwa, mwaka 1928, Salum Abdallah Yazidu, mtoto wa baba Mwarabu na mama Mluguru. Miaka hiyo santuri za Kuba zilikuwa zimeenea Afrika Mashariki. Zilikuwa za mfululizo uliojulikana kwa herufi GV, zilizotolewa na kampuni ya HMV, na zilipigwa kwa gramafoni katika mikahawa na majumbani. Watu hawakuelewa Kihispania, lakini mdundo waliutambua, na haishangazi, kwani sehemu kubwa ya midundo ile iliondoka Afrika ikiwa katika vifua vya watumwa. Salum aliisikia akapagawa. Ukoo wake ulitarajia kijana wa biashara na dini. Yeye aliamua kwenda Kuba.

Alitoroka nyumbani, akafika Mombasa. Safari ikaishia hapo, akarudi Morogoro. Mwaka 1948 yeye na wenzake wakaanzisha kundi, kwanza kwa jina la La Paloma, kisha likawa Cuban Marimba Band. Kuba aliyoikosa kwa meli akaijenga chini ya Uluguru, katika mji ambao wenyeji wake wanauita mji kasoro bahari. Bolero, rumba na cha-cha-cha zikaimbwa kwa Kiswahili. Humo mlikuwa na mapenzi, shemeji, ndoa iliyoingia doa, majisifu ya bendi, na nasaha za kiutu uzima. Kwa mtu aliyetoka kazini mkongeni akiwa na mikono iliyochanika, kusikia habari zake mwenyewe zikiimbwa kwa lugha yake juu ya mdundo uliozunguka bahari mbili ilikuwa raha isiyoelezeka kwa hesabu ya mshahara.

Tayari mjini ilikuwapo Morogoro Jazz Band, iliyoanzishwa 1944, na ushindani kati ya bendi hizo mbili uliugawa mji. Kushabikia bendi lilikuwa jambo zito, la kuchangiana, kuzikana na kuoana. Salum alikufa kwa ajali ya gari Novemba 1965, akiwa hajatimiza miaka 40, na Juma Kilaza akaiongoza Cuban Marimba baada yake. Upande wa pili, katikati ya miaka hiyohiyo ya 1960, Morogoro Jazz ilimpata kijana aliyezaliwa 1944, mwaka uleule bendi yenyewe ilipoanzishwa: Mbaraka Mwinshehe Mwaruka.

Aliyemsikiliza Mbaraka kwa makini anajua jinsi nyimbo zake zinavyojengwa. Mwanzoni maneno yanatangulia, taratibu, sauti yake ikiwa na uchungu wa mtu anayesimulia jambo lililompata jirani yake jana. Kisha maneno yanakoma, magitaa yanachachamaa, na gitaa lake la solo linaanza kuzungumza juu ya mengine, likirudia kifungu kifupi hadi mchezaji anakizoea, halafu linakigeuza kidogo. Mwaka 1970 alikwenda na bendi hiyo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia, kuiwakilisha Tanzania. Mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa, kwenye mji uleule ambako safari ya Salum iliishia. Wimbo wake maarufu kuliko yote baada ya kifo chake unaitwa Shida. Watu waliokwenda dansini kutafuta furaha walitaka pia kuimbiwa dhiki zao, na hilo halipingani na furaha hata kidogo. Kuyataja yanayokukera mbele ya watu wanaokuelewa ni sehemu kubwa ya kuishi vizuri.

Sasa nirudi juu mlimani, kwenye miaka ambayo Cuban Marimba ilikuwa inachipukia, kwa sababu huko ndiko hoja hii ilipopimwa kwa damu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza ilikuwa na wasiwasi juu ya udongo. Hofu hiyo haikuanzia Tanganyika. Marekani katika miaka ya 1930 ilikuwa imeshuhudia nchi yake ya kati ikigeuka vumbi na kupeperuka, na maofisa wa makoloni kila mahali walisoma habari hizo. Uluguru iliwatia hofu kwa sababu ya ziada: mto Ruvu unaanzia huko, na Ruvu ndio uliotazamiwa kuipa Dar es Salaam maji. Udongo ukishuka mtoni, mji na mashamba makubwa ya chini yangeumia. Mwaka 1950 ukaanza mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Msingi wake ulikuwa matuta, yaani kukata mteremko ngazi kwa ngazi ili maji yasimame, pamoja na kuzuia kuchoma moto mashamba wakati wa kuandaa kilimo.

Siwezi kusema lengo lilikuwa baya. Udongo ulikuwa unakwenda kweli. Waliobuni mpango waliamini kwamba wanawapa Waluguru maisha bora ya miaka 50 ijayo, na pengine wengine wao waliwapenda kwa dhati watu waliokuwa wanawaamrisha. Tatizo lilianza jembe la kwanza lilipoingia ardhini.

Udongo mzuri wa miteremko ya mashariki ni tabaka jembamba. Ukikata ngazi pana ndani ya mlima, tabaka hilo linafukiwa, na juu unabaki udongo mwekundu wa chini ambao haujawahi kulisha mmea. Mwanamke aliyekata matuta wiki baada ya wiki, pamoja na kazi zake nyingine zote, alipanda mahindi juu yake akavuna kidogo kuliko alivyovuna mwaka jana pasipo tuta. Aliliona kwa macho yake. Bwana shamba alimwambia avumilie, faida itakuja. Aliyekataa alishtakiwa barazani akatozwa faini. Na amri ilipitia kwa majumbe na Sultani, cheo ambacho Waingereza walikiweka juu ya Waluguru wote kwa ajili ya utawala wao, kwa watu ambao hawakuwahi kuwa na mtawala mmoja. Sultani Sabu bin Sabu na majumbe wake wakajikuta katikati: wakitii ofisi ya wilaya wanawapoteza watu, wakiwatii watu wanapoteza kazi.

Palikuwa na jambo lingine lililowasumbua wenye mashamba, nalo halikuonekana kutoka ofisini. Wengi walilima ardhi waliyoazimwa na ukoo mwingine. Mtu akikata ngazi katika shamba la kuazima, na ngazi ni kazi ya kudumu, shamba linakuwa la nani? Mndewa aliyempa ataona mgeni anajimilikisha. Hofu kubwa zaidi ilikuwa ya Mzungu mwenyewe. Mwaka 1951 Wameru wa Ngare Nanyuki walihamishwa kwa nguvu ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda hadi Umoja wa Mataifa kupeleka malalamiko yao. Habari hizo zilizunguka Tanganyika nzima. Mtu akikuamuru kutengeneza shamba lako kwa namna usiyoitaka, swali la kwanza ni nani atakuja kulilima.

TANU, chama kilichopigania uhuru, kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, na mmoja wa waliokuwapo siku hiyo alikuwa Patrick Kunambi, Mluguru. Chama kilikuta milimani watu ambao hawakuhitaji kuelezwa kwa nini wachukie kuamuliwa. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1955, umati ulikusanyika Matombo kupinga matuta. Maneno yalipanda, mawe yakarushwa, polisi wakatumia mabomu ya machozi, kisha risasi. Mtu mmoja aliuawa.

Ukilipima tukio hilo kwa idadi, ni dogo. Lakini serikali ilielewa. Kabla mwaka haujaisha mpango wa matuta uliachwa, na wengi waliorudi mashambani hawakutengeneza ngazi zilizobomoka. Waliziacha mvua izimalize. Watu waliokuwa na njaa ya ardhi nzuri walitazama kazi yao wenyewe ya miaka mitano ikisombwa, na walifurahi. Bwana shamba angeona huo ni wendawazimu. Mimi naona ni watu waliokuwa wakiirudisha ile heri iliyowapandisha wazee wao mlimani. Walirudi kulima kama walivyoona inafaa, na kama wangekosea, wangekosea kwa uamuzi wao.

Kwamba hawakuichukia ngazi kwa sababu ni ngazi, ushahidi uko upande wa pili wa milima. Huko Mgeta, magharibi, miteremko ya Nyandira na Bunduki hadi leo ina matuta yanayotunzwa kwa mkono mwangalifu, na mifereji midogo inayoshusha maji ya kijito kutoka ngazi hadi ngazi wakati wa kiangazi. Kwenye ngazi hizo hulimwa kabichi, karoti, njegere, viazi na maharage, na kandokando kuna mipichi na miplamu. Mboga na matunda hayo ya nchi za baridi yaliletwa na wamisionari na walowezi, na wakulima wa Mgeta waliyachukua kwa sababu Morogoro na Dar es Salaam walikuwapo wa kuyanunua. Ngazi ya kabichi inamlipa mwenyewe ndani ya msimu mmoja. Ngazi ya mahindi ya Matombo ilimlipa mtu wa Dar es Salaam ambaye mkulima hakumjua, na ikamchelewesha mkulima chakula chake. Amri ilikuwa ileile pande zote mbili. Kilichotofautiana ni nani aliyepata heri kutokana na jasho lile, na lini.

Nusu karne baadaye ngazi zilirudi upande wa mashariki, hatua chache tu kutoka Matombo. Mashirika ya CARE na WWF yalianzisha huko Kibungo Juu mpango wa kuwalipa wakulima wanaotunza chanzo cha maji ya Ruvu. Walionunua huduma hiyo walikuwa watumiaji wa maji wa chini, shirika la maji la Dar es Salaam, DAWASCO, pamoja na kampuni ya Coca-Cola. Mkulima aliyekubali kukata matuta ya ngazi au ya fanya juu, yaani mitaro ambayo udongo wake hurushwa upande wa juu, au kupanda miti, alilipwa kulingana na ukubwa wa eneo alilolishughulikia. Asiyetaka hakushtakiwa popote. Na watu, wajukuu wa walioyaacha matuta yasombwe mwaka 1955, wakachukua majembe wakakata.

Hiyo haina maana kwamba jambo limekwisha. Mwaka 2008 misitu ya juu ya Uluguru iliunganishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na mipaka yake imepita karibu sana na mashamba ya watu. Pembezoni mwake, Kinole na Tegetero, familia zimepanda mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga, mazao yanayoushika udongo na kumpa mtu ada ya shule. Dar es Salaam nayo imekua kuliko Mwingereza yeyote wa 1950 alivyoweza kuota, na bado inayanywa maji ya Ruvu. Kila kiangazi mto ukishuka, macho ya mji hurudi mlimani kumtafuta wa kulaumiwa, na kila mara anayetajwa kwanza ni mkulima mwenye jembe.

Kwa hiyo mipango mipya itakuja, na mingine inahitajika kweli. Ombi langu kwa wanaoiandaa ni kwamba wasianzie kwenye ramani ya maji. Waende Matombo, Kibungo na Kinole kabla mstari haujachorwa, waombe kuketi na akina mama wa koo, kwa sababu ardhi inapitia kwao, na wandewa pia wawepo. Wawaulize mahindi ya mwaka huu yametosha hadi mwezi gani, watoto wangapi wako sekondari, na nani anataka kubaki. Wasishtuke wakisikia kwamba vijana wengine wanataka kushuka mjini, au kwenda mbali zaidi ya mji, kwa ajili ya jambo ambalo wazazi wao hawalielewi. Salum Abdallah naye alikuwa hivyo, na Morogoro ingekuwa maskini sana kama baba yake angefaulu kumfungia dukani.